Nani Anaishika Kompyuta ya Ofisi? Akaunti na mamlaka katika udhibiti wa mbali

Tarehe 5 Februari 2021, mfanyakazi wa mtambo wa kusafisha maji katika mji wa Oldsmar, Florida, aliona mshale wa kipanya ukisogea wenyewe kwenye skrini yake. Kiwango cha sodiamu hidroksaidi, ile kostiki wanayoijua watengeneza sabuni, kilipandishwa kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Alikirudisha palepale, na hakuna aliyedhurika kati ya wakazi wapatao 15,000 wa mji huo. Siku tatu baadaye Bob Gualtieri, sherifu wa kaunti ya Pinellas, aliwaita waandishi wa habari, na dunia ikaanza kujadili jina moja: TeamViewer, programu ya kudhibiti kompyuta kwa mbali.

Mjadala ule ulikwenda kombo tangu siku ya kwanza. Watu walibishana kama programu hiyo ni salama au la, na wengi wakaitafutia mbadala. Taarifa za uchunguzi zilikuwa na mambo mazito kuliko jina la programu. Kompyuta zote za mtambo zilitumia nywila moja ya kuingilia kwa mbali. Zilionekana kuunganishwa na intaneti moja kwa moja, bila kinga ya kuchuja wanaoingia. Zilikuwa za Windows 7, toleo ambalo Microsoft iliacha kulihudumia Januari 2020. Na kwa maelezo ya sherifu, mtambo ulikuwa umeacha kutumia TeamViewer miezi kadhaa kabla ya tukio, ila hakuna aliyejishughulisha kuiondoa.

Mwaka 2023 hadithi ikapinduka. Aliyekuwa meneja wa mji alisema hadharani kwamba huenda hapakuwa na mdukuzi yeyote, bali mfanyakazi aliyebonyeza pasipopaswa. FBI nayo haikuweza kuthibitisha kwamba tukio lilitokana na uvamizi uliolengwa. Kwa hiyo miaka miwili ilipita na swali la "ni nani?" likabaki bila jibu la uhakika. Watu wote wanapotumia nywila moja, mvamizi na mwajiriwa huacha alama ileile.

Swali hilohilo linaruka vichwa vya wengi katika ofisi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Zanzibar, ambako fundi wa mfumo wa hesabu huingia kwenye kompyuta ya mhasibu akiwa mtaa mwingine au nchi nyingine. Wenye ofisi huuliza waweke programu gani. Lingewafaa zaidi kuuliza nani ameruhusiwa kuingia, kwa kiasi gani, hadi lini, na itajulikanaje kwamba aliingia. Uchambuzi huu unapima misimamo minne inayoshindana juu ya maswali hayo.

Tabaka tatu zinazochanganywa

Programu za udhibiti wa mbali zina kazi moja ya msingi. Zinachukua picha ya skrini ya kompyuta moja na kuipeleka kwenye nyingine, kisha zinarudisha mibofyo na herufi za aliye mbali kana kwamba ameketi pale. Wazo hili lina umri. VNC ilibuniwa katika maabara ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Microsoft iliingiza Remote Desktop ndani ya Windows. TeamViewer ilianza Ujerumani mwaka 2005, na AnyDesk ikazaliwa hukohuko mwaka 2014. Zote zinapitisha picha na mibofyo. Zinapotofautiana sana ni jinsi zinavyomtambua anayebisha hodi.

Utambulisho huo una tabaka tatu. Kuna akaunti ya programu, yaani barua pepe na nywila ya kuingilia kwenye huduma ya kampuni iliyotengeneza programu, ambamo orodha ya kompyuta zako imehifadhiwa. Kuna ruhusa ya kompyuta yenyewe: namba yake, pamoja na nywila ya muda au ya kudumu iliyowekwa juu yake. Na kuna akaunti ya mfumo endeshi, iwe Windows, Linux au Mac, ambayo ndiyo inayoamua ni mafaili gani yanafunguka na nini kinaweza kusakinishwa.

Mtu hufunga tabaka moja akadhani amefunga zote. Ofisi inabadilisha nywila ya akaunti yake ya TeamViewer baada ya fundi kuondoka, inatulia. Lakini nywila ya kudumu iliyowekwa kwenye kompyuta ya mhasibu imebaki ileile, na fundi aliyeiandika kwenye daftari lake bado anaingia kwa kutumia namba ya kompyuta tu. Au ofisi inajivunia nywila ngumu ya AnyDesk, ilhali kompyuta inayofunguliwa kwa nywila hiyo hukaa wazi mchana kutwa kwa akaunti ya msimamizi mkuu wa Windows. Anayeingia hapo anakuta barua pepe imefunguliwa, mfumo wa hesabu umefunguliwa, pengine na ukurasa wa benki. Programu haikumpa mamlaka hayo. Ameyakuta mezani.

Remote Desktop ya Windows inakwenda njia nyingine, kwa sababu inaegemea tabaka ya tatu moja kwa moja. Anayeingia lazima awe na akaunti ya Windows. Wasimamizi wakuu wana haki hiyo bila kuombewa, wengine hadi waingizwe kwenye kundi lililotengwa kwa kazi hiyo. Utaratibu huu ni safi zaidi, maana kila mtu hufungua dawati lake. Tatizo ni kwamba toleo la Home la Windows halipokei mtu kwa njia hii, na toleo la Pro humhudumia mtu mmoja tu kwa wakati, hivyo anayeingia kwa mbali anamwondoa aliyeketi. Ofisi iliyonunua kompyuta za bei ya chini hujikuta imesukumwa kwenye programu za skrini moja ya pamoja kabla haijafikiria suala la mamlaka hata kidogo.

VNC ya awali ilikuwa rahisi kupita kiasi. Ilikuwa na nywila moja isiyozidi herufi nane, na haikujua kabisa kitu kinachoitwa mtumiaji. Ukijua nywila, umeingia. Wewe ni nani, haikuuliza. Desturi nyingi tunazoziona leo ni urithi wa enzi hiyo, ambapo vifaa hivi vilikuwa vya watu wachache wanaojuana ndani ya jengo moja.

Msimamo wa kwanza: nywila moja kwa wote

Ni rahisi kuwacheka wanaogawana nywila, na washauri wa usalama hawachoki kufanya hivyo. Lakini sababu zao si upumbavu. Ya kwanza ni bei. Leseni za biashara huhesabiwa kwa idadi ya watumiaji au idadi ya vikao vinavyoweza kufunguliwa kwa pamoja, na malipo huja kila mwaka, kwa kawaida kwa fedha za kigeni. Akaunti moja kwa watu watano ni hesabu ambayo kila mwenye duka anaielewa. Wengine hutumia toleo la bure lililokusudiwa matumizi ya nyumbani, na toleo hilo halikuundwa kusimamia timu.

Ya pili ni muundo wa kazi yenyewe. Fundi mmoja wa kompyuta huhudumia maduka, zahanati na ofisi za mawakili kwa pamoja. Anachotaka ni namba na nywila aziweke kwenye simu yake ili akipigiwa usiku aingie. Ya tatu, baadhi ya vifaa vyenyewe huwavuta watu huko. Chrome Remote Desktop, kwa mfano, hufungamanisha kompyuta na akaunti moja ya Google kwa ajili ya kuingia wakati hakuna mtu upande wa pili. Ofisi inayotaka watu watatu waifikie kompyuta moja kwa njia hiyo huishia kufungua Gmail moja ya ofisi na kugawana nywila yake.

Ubora wa msimamo huu basi ni wa kweli: ni nafuu, haumwachi mtu nje siku ya dharura, hauhitaji msimamizi. Katika duka la mke na mume, na kompyuta moja, una mantiki yake.

Ubovu wake unajitokeza siku mtu mmoja anapoondoka. Huwezi kumfungia mmoja bila kuwafungia wote, kwa hiyo hafungiwi yeyote. Ni sawa na familia iliyochonga funguo kumi za mlango mmoja: akitoka mpangaji mwenye ufunguo, itabidi kubadilisha kitasa na kuwatafuta wale tisa, na kila mtu anaahirisha. Juu ya hayo, nywila inayojulikana na wengi husafiri. Hupita kwenye WhatsApp, hubandikwa chini ya kibodi, hutumika tena kwenye tovuti nyingine. Mwaka 2016 watumiaji wengi wa TeamViewer walilalamika kwamba kompyuta zao zimetekwa na fedha kuhamishwa. Kampuni ilieleza kwamba chanzo ni watu kutumia nywila zilezile zilizokwisha kuvuja kwenye huduma nyingine. Wapo waliolipokea jibu hilo kwa hasira, lakini baada ya hapo kampuni iliongeza utaratibu wa kuidhinisha kila kifaa kipya kinachojaribu kuingia.

Na kuna hasara ya tatu ambayo Oldsmar imetuonyesha. Kumbukumbu za mfumo zitaandika saa na kompyuta, lakini jina litakuwa lilelile siku zote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye jina moja kwa watu wote halina tofauti kubwa na kukosa daftari.

Msimamo wa pili: kila mtu na akaunti yake

Upande wa pili wanasimama wataalamu wa TEHAMA wa mashirika makubwa. Hoja yao ina mizizi mirefu. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu inapaswa kufanya kazi kwa mamlaka madogo kabisa yanayotosha kazi hiyo. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya Marekani, walipendekeza mamlaka yafungwe kwenye majukumu badala ya watu. Mhasibu anaingia kwenye seva ya hesabu tu. Fundi wa nje anaona kompyuta alizoajiriwa kuzitengeneza. Meneja anatazama ripoti bila kugusa mipangilio. Mtu akihama idara, unambadilishia jukumu tu.

Programu za leo zinaweza kufanya hayo. AnyDesk ina vielelezo vya ruhusa vinavyomwezesha mtu kutazama skrini bila kugusa kipanya, au kugusa kipanya bila kuhamisha mafaili. Zipo orodha za wanaoruhusiwa, ambapo namba isiyo kwenye orodha haifiki hata kwenye swali la nywila. Upo uthibitisho wa hatua mbili. Vitu hivi mara nyingi vimelala ndani ya menyu bila kuguswa.

Faida ya kutenganisha mamlaka ilionekana Juni 2024, wakati TeamViewer yenyewe ilipovamiwa. Kampuni ilisema wavamizi, iliowahusisha na kundi la APT29 la Urusi, walitumia akaunti ya mfanyakazi wa kawaida. Kwa maelezo yake, hawakufika kwenye mifumo inayowahudumia wateja kwa sababu mazingira hayo yalitenganishwa na ofisi. Akaunti moja ilianguka, nyumba ikabaki. Iwapo mfanyakazi yule angekuwa na mamlaka ya kila mahali, maelezo yangekuwa mengine.

Lakini msimamo huu una udhaifu ambao watetezi wake huutaja kwa haraka. Akaunti za watu binafsi huzaliana, na mzizi wa balaa ni zile zisizo na mwenyewe. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya Marekani, ilifunga bomba lake kwa siku kadhaa. Wavamizi walipita kwenye akaunti ya VPN, ile njia iliyofichwa ya kuingilia mtandao wa kampuni kwa mbali, akaunti iliyokwisha kuachwa kutumika, ambayo hakuna aliyeifunga na ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Mkurugenzi wake, Joseph Blount, aliwaambia maseneta kwamba nywila yenyewe haikuwa nyepesi. Kampuni ililipa bitcoin 75, wakati huo sawa na dola milioni 4.4 hivi. Hapa palikuwa na akaunti zilizotenganishwa, palikuwa na nywila ngumu, na bado pengo lilikuwapo, kwa sababu kufungua akaunti kuna mtu anayekuhimiza na kuifunga hakuna. Mfanyakazi mpya atadai apewe nafasi ya kuingia asubuhi ya kwanza. Aliyeondoka hatapiga simu kudai afungiwe.

Udhaifu mwingine ni kwamba usimamizi wa pamoja hukusanya nguvu mahali pamoja. Akaunti ya msimamizi mkuu inayoweza kufungua na kufunga akaunti za wengine ndiyo inayowindwa zaidi. Julai 2021 kundi la wadukuzi la REvil lilipitia kasoro ya programu ya Kaseya VSA, inayotumiwa na makampuni ya ufundi kusimamia kompyuta za wateja wao, na biashara zipatazo 1,500 zikafungiwa mafaili. Maduka karibu 800 ya Coop nchini Sweden yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo zilikwama. Uhusiano wao na Kaseya ulipitia kwa mtoa huduma wa mashine hizo. Februari 2024 kasoro katika programu ya udhibiti wa mbali ya ScreenConnect, iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, ilimwezesha mtu baki kurudi kwenye ukurasa wa usanidi wa mwanzo na kujitengenezea akaunti ya msimamizi. Orodha yako ya majukumu inaweza kuwa nzuri kama ya kitabuni, na bado mtu akajiandika juu yake kwa kalamu ya mwenye nyumba.

Hii haina maana kwamba kutenganisha akaunti ni kazi bure. Ina maana kwamba kazi haiishii kwenye kutenganisha: programu lazima isasishwe, na wasimamizi wakuu wawe wachache, wenye akaunti ya pili ya kawaida kwa kazi za kila siku.

Msimamo wa tatu: ruhusa ya papo kwa papo

Wapo wanaosema tatizo zima linatokana na kuruhusu watu waingie pasipo mwenyeji. Dawa yao ni fupi: usiweke nywila ya kudumu popote. Kila anayetaka kuingia aombe, aliyeketi abonyeze kukubali, atazame kinachofanyika, afunge kazi ikiisha.

Kwa ofisi ndogo msimamo huu una uzito kuliko unavyopewa. Unafuta kwa mkupuo mmoja tatizo la fundi wa zamani, tatizo la nywila iliyovuja usiku, na sehemu kubwa ya tatizo la akaunti zilizosahauliwa. Hauna gharama. Hautaki msimamizi.

Lakini seva haina mtu wa kubonyeza kukubali saa nane usiku. Kompyuta ya tawi la Mwanza inayohitaji kuwashwa upya wakati karani amekwenda kula haiwezi kusubiri. Na zaidi ya hapo, anayebonyeza ni binadamu, na binadamu hudanganywa. Februari 2019 Benki Kuu ya India ilitahadharisha mabenki juu ya matapeli wanaowashawishi wateja kuweka AnyDesk kwenye simu, wasome namba inayoonekana, kisha fedha zihamishwe. Januari 2023 mashirika ya usalama wa mtandao ya Marekani, yakiongozwa na CISA, yalieleza mbinu nyingine. Tapeli anaingia kwa ScreenConnect au AnyDesk, anamwomba mtu afungue akaunti yake ya benki, anabadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye skrini zionyeshe kwamba amerudishiwa pesa nyingi kupita kiasi, kisha anamsihi arejeshe ziada. Ziada haikuwapo. Kinachorejeshwa ni akiba ya mwenye akaunti.

Katika visa hivyo vyote mwenyeji aliruhusu. Ruhusa ya papo kwa papo humlinda anayejua anayemruhusu; kwa asiyejua, ni kitufe tu. Ofisi inayochagua njia hii lazima iwe na kanuni moja isiyo na tafsiri mbili: ni sisi tunaompigia fundi kwa namba tunayoijua, na anayetupigia mwenyewe akitaka tufungue skrini hapewi chochote.

Msimamo wa nne: kufunga kabisa

Kundi la mwisho limechoka na mijadala hii. Marufuku programu zote za aina hiyo, wanasema, na anayelazimika kuingia apitie VPN ya ofisi. Msingi wa hofu yao upo. Remote Desktop husikiliza kwenye lango namba 3389, na kompyuta iliyoachwa wazi kwa intaneti kwenye lango hilo huanza kujaribiwa nywila na mashine za watu baki bila kukoma. Mei 2019 kasoro iliyoitwa BlueKeep ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokwisha kustaafishwa miaka mitano kabla. Tangu 2022 Windows 11 hujifungia yenyewe kwa muda baada ya majaribio 10 ya nywila yaliyoshindwa, hatua nzuri, ingawa kompyuta nyingi za ofisi bado ni za zamani kuliko hapo.

Kuficha Remote Desktop nyuma ya VPN ni ushauri sahihi. Kuamini kwamba VPN inamaliza hoja ya akaunti ni kosa, na Colonial ni ushahidi wake: mlango uliovunjwa ulikuwa VPN yenyewe. Tatizo la akaunti iliyosahauliwa linahamishwa chumba, haliondolewi.

Marufuku nayo ina madhara yake. AnyDesk inaweza kufanya kazi bila kusakinishwa, kama faili moja lililopakuliwa, hivyo hata mfanyakazi asiye na mamlaka ya msimamizi anaweza kuifungua. Fundi akinyimwa njia halali huku simu zikimiminika, atatafuta ya pembeni, na hiyo haitakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Marufuku inafaa pale ambapo pana nguvu ya kuisimamia: benki, mtambo wa umeme, maabara. Kwingineko hugeuka tangazo lililobandikwa ukutani.

Sheria inauliza jina

Upo upande wa sheria ambao wenye ofisi wengi hawajauhusisha na programu hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ilitangulia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na fundi wa nje anayeziona kwa mbali hamwondolei mzigo huo. Kenya inamtaka mwenye data amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundua uvamizi wenye hatari kwa wahusika.

Saa 72 ni chache kwa anayeanza kutafuta nani alikuwa na nywila. Mwenye akaunti zilizotenganishwa anafungua kumbukumbu na kuandika: akaunti fulani, saa fulani, mafaili haya. Mwenye nywila moja anaweza kuandika saa tu.

Hali kadhalika kwa makosa ya jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zinaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini. Lakini fundi aliyepewa nywila, akaondoka, na asiambiwe kwa maandishi kwamba idhini imekoma, ana pa kuanzia utetezi wake. Kufunga akaunti siku ya kuagana kunakata mzozo huo kabla haujafika kituo cha polisi.

Mizani

Ukiweka misimamo hii minne pamoja, hakuna unaosimama peke yake. Ule wa kwanza unashindwa katika ofisi yoyote yenye mtu anayeweza kuondoka, yaani karibu ofisi zote. Wa nne unazifaa taasisi chache. Mvutano wa kweli ni kati ya wa pili na wa tatu, na hapo ukubwa wa ofisi ndio unaoamua.

Kwa ofisi ya watu wachache, naona ruhusa ya papo kwa papo iwe ndiyo kawaida, na kuingia pasipo mwenyeji kubaki kwa kompyuta moja au mbili zilizothibitika kuhitaji hivyo. Kwenye hizo, kila anayeingia awe na akaunti yake, hatua mbili za uthibitisho, na orodha ya wanaoruhusiwa. Mfumo kamili wa majukumu kwa watu wanne ni kazi ya kujionyesha. Kwa kampuni yenye matawi, msimamo wa pili hauna mbadala, na gharama ya leseni iingizwe kwenye bajeti kama umeme, kwa masharti kwamba mtu mmoja anayejulikana kwa jina anawajibika kuzifunga akaunti, si kuzifungua tu. Kuhamisha mfumo wote kwenye seva yako mwenyewe kwa programu huria kama RustDesk ni njia halali kwa anayetaka kujitenga na kampuni za nje, mradi ana mtu wa kuisasisha; asiye naye anajinunulia ScreenConnect ya Februari 2024 kwa mikono yake.

Fedha zikiwa chache na muda mfupi, mpangilio wa hatua una maana. Kufunga akaunti na nywila za kudumu za walioondoka huja kwanza, kwa sababu hakugharimu chochote, na kutofanya hivyo ndiko kulikoiangusha kampuni kubwa ya mafuta. Uthibitisho wa hatua mbili unafuata. Baada yake ni kuacha kutumia akaunti ya msimamizi mkuu wa Windows kwa kazi za kila siku, hatua inayochukiwa na wafanyakazi kwa sababu inawazuia kusakinisha wanachotaka, na inafaa kwa sababu hiyohiyo. Kumbukumbu za vikao ni za nne, si kwa kuwa hazina thamani, bali kwa kuwa hazisemi chochote kabla majina hayajatenganishwa. Kubadilisha programu moja kwa nyingine naiweka mwisho kabisa, ingawa ndiyo inayotangulia katika mazungumzo ya wengi.

Leo kabla ya kufunga ofisi, fungua mipangilio ya programu yako ya udhibiti wa mbali. Tazama orodha ya akaunti na vifaa vilivyoidhinishwa, na kama kuna nywila ya kudumu iliyowekwa. Soma jina moja baada ya jingine mbele ya wenzako. Lile ambalo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulieleza, lifute palepale, na nywila ya kudumu ibadilishwe jioni hiyohiyo.